Kipimo kimesema "kawaida" lakini mkojo ulikuwa mweusi: mtoto ana upungufu wa G6PD au hana?

"Shikamoo daktari. Nina mtoto wa kiume wa miaka 7, tunaishi Pasua, Moshi. Mwezi uliopita alipata homa na akawa analalamika maumivu akikojoa. Tukaambiwa ni U.T.I., akaandikiwa nitrofurantoini. Siku ya tatu mkojo ukawa mweusi kama Coca-Cola, macho ya manjano, akakosa hata nguvu ya kusimama. Hospitali wakapima damu, ikawa 5.8, malaria hakuna. Alikuwa anahema sana, wakamwongezea damu chupa moja. Daktari mmoja akasema huenda ana upungufu wa G6PD. Baada ya wiki moja wakampima hiyo G6PD, jibu likaja 'kawaida'. Sasa shangazi zake wanasema ni sikoseli, wengine wanasema ni ini. Jirani ananiambia asiguse tena maharage wala kunde, na sisi hapa bila maharage tutapika nini? Nina mimba ya miezi 7. Mume wangu anasema kwao hakuna ugonjwa huo, umetoka kwetu. Je, mtoto anao au hana? Akiugua malaria atumie dawa gani? Na huyu aliye tumboni?"

Marahaba mama, na pole sana. Kuona mkojo wa mtoto umegeuka mweusi ndani ya siku tatu kunamtisha mzazi yeyote, na ulifanya vizuri kumkimbiza hospitali badala ya kungoja dozi iishe.

Nianze na jibu lile la "kawaida", maana mengine yote yanalitegemea. Kwa jinsi ulivyoeleza, kipimo hicho kilifanyika wakati mbaya kabisa wa kukifanya, na hakitoshi kumwondolea mtoto shaka. Mpaka arudiwe kupimwa kwa wakati unaofaa, mhesabu kuwa anao upungufu wa G6PD, na umlinde hivyo hivyo.

Sababu yake ni hii. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi. Ikishatoka kwenye uboho wa mifupa haina tena kiini, kwa hiyo haiwezi kujitengenezea kimeng'enya kipya, yaani zile protini zinazoendesha kazi za kikemia mwilini. Ni kama msafiri aliyefunga chakula chake nyumbani: alichobeba ndicho atakachokula mpaka mwisho wa safari. Kimeng'enya kimojawapo ilichobeba ni G6PD. Kazi yake ni kuiwezesha chembe kutengeneza kitu kiitwacho NADPH, na hicho ndicho kinachoirudishia nguvu glutathioni, mlinzi anayezuia himoglobini (ile rangi nyekundu ya damu inayobeba oksijeni) isiharibiwe na kemikali kali zinazofanya kazi kama kutu kwenye chuma. Seli nyingine za mwili zina njia zaidi ya moja ya kupata ulinzi huo. Chembe nyekundu ina njia hii moja tu.

Mwenye upungufu, kimeng'enya chake ni kidogo, au ni dhaifu na huisha mapema. Siku za kawaida kile kidogo kinatosha, ndiyo maana mwanao alikua, akacheza na kwenda shule miaka saba bila mtu kuhisi lolote. Ikiingia dawa kama nitrofurantoini, mahitaji yanapanda ghafla na mlinzi anaishiwa nguvu. Himoglobini inagandamana kuwa mabonge madogo yanayonata kwenye ukuta wa chembe. Nyingine zinapasuka ndani ya mishipa, nyingine zinang'atwa na bandama zikipita. Himoglobini iliyomwagika ikipitia kwenye figo, ndiyo ile rangi ya Coca-Cola au chai ya rangi uliyoiona. Inayobaki inageuzwa kuwa bilirubini, na hiyo ndiyo manjano ya machoni. Kwa hiyo wanaosema ini wameona dalili ya kweli, ila wamekosea chanzo. Ini la mtoto lilizidiwa na mzigo.

Tena siku zinalingana. Kupasuka kwa damu kwa namna hii huanza kati ya siku ya kwanza na ya tatu tangu kuanza dawa. Damu hushuka mpaka chini kabisa karibu na siku ya saba, kisha huanza kupanda.

Sasa turudi kwenye kipimo. Katika aina ya upungufu iliyo ya kawaida kwetu Afrika, chembe changa huwa na kimeng'enya kinachokaribia kutosha, na chembe zilizozeeka ndizo zilizokaukiwa. Shambulio linapokuja, zinazokufa ni zile za zamani. Uboho unaona upungufu, na kuanzia siku ya nne au ya tano unamwaga chembe changa kwa wingi. Ukipima wiki moja baadaye unapima zilizosalimika na zilizozaliwa juzi, na zote zina kimeng'enya. Mwanao aliongezewa damu pia, kwa hiyo ndani ya ile chupa ya maabara mlikuwa na damu ya mtu mwingine ambaye huenda hana tatizo lolote. Maabara haikukosea. Ilipima kwa uaminifu kile ilichopewa.

Hesabu miezi mitatu kamili tangu siku ile alipoongezewa damu, ndipo umpeleke tena, akiwa mzima, bila homa. Omba kipimo kinachotoa namba, yaani kiasi cha kimeng'enya kwa kila gramu ya himoglobini. Kile cha ndiyo au hapana kinafaa kwa kuchuja, na kwa mtoto wa kiume mara nyingi kinatosha, lakini namba inamsaidia daktari kujua ukubwa wa tatizo. Kabla ya kupanda daladala, piga simu uulize kama kipimo kipo wiki hiyo na kama vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, havijaisha. Moshi anzia hospitali ya KCMC. Walio Arusha waanzie hospitali ya Mount Meru. Kama ni lazima sampuli isafirishwe, ichukuliwe kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, ikae kwenye ubaridi bila kuganda, maana kimeng'enya hiki huharibika kwenye joto na jibu likaja la uongo upande wa pili, yaani la kuonyesha upungufu usiokuwepo.

Siku hiyo hiyo waombe wapime na sikoseli. Shangazi zake wana haki ya kuuliza, kwa sababu Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Lakini ni magonjwa tofauti. Sikoseli ni kasoro ya himoglobini yenyewe. Chembe hupinda na kuziba mishipa, mtoto huumwa mifupa, huvimba vidole akiwa mdogo, na damu yake huwa chini karibu wakati wote. Upungufu wa G6PD wa aina ya kwetu hauleti maumivu ya mifupa, na kati ya shambulio na shambulio damu ya mtoto ni kamili. Kipimo cha sikoseli nacho hudanganywa na damu ya kuongezewa, ndiyo sababu nacho kingoje miezi hiyo mitatu.

Ikiwa namba ya pili itakuja nzuri kabisa, usiridhike na kuondoka. Muulize daktari ni nini basi kilichopasua damu. Yako mambo mengine yanayofanya hivyo, kwa mfano kinga ya mwili kushambulia chembe zake yenyewe, na hilo lina kipimo chake. Nitrofurantoini bado asipewe tena.

Kuhusu maharage, jirani yako anakutakia mema, lakini habari aliyoipata imepotea njiani. Linalokatazwa ni jamii moja tu ya maharage, yale mapana yanayoliwa sana Misri, Uarabuni, Ethiopia na nchi za Mediteranea, ambayo hupikwa kuwa mlo uitwao ful. Ndani yake mna visine na konvisine, na zikifika tumboni hugeuka kuwa kemikali zile zile kali nilizozieleza. Maharage yetu ya soya njano na ya rangi nyingine sokoni, kunde, mbaazi, choroko, dengu, njegere na ngwara hayana tatizo hilo. Mpikie mwanao kiburu, mpikie makande, ale ashibe. Kumnyima mtoto anayekua maharage kwa ajili ya ugonjwa huu ni kumwondolea protini ya bei nafuu kuliko zote nyumbani bila faida yoyote. Ful ndiyo asile, hata akialikwa. Kwa aina yetu ya upungufu ni nadra imdhuru, lakini imeshawadhuru baadhi ya watu.

Kwenye dawa ndiko kunakotaka umakini wa kweli. Za kukataa moja kwa moja ni nitrofurantoini, asidi ya nalidiksiki, dapsoni inayotumika kwa ukoma, methilini bluu, rasburikesi ya wagonjwa wa saratani, fenazopiridini ile inayofanya mkojo kuwa wa machungwa, na dawa mbili za malaria: tafenokwini na primakwini ya siku 14. Mwombe mfamasia akuandikie majina haya kama yanavyoonekana kwenye boksi, uipige picha karatasi hiyo na uihifadhi kwenye simu yako na ya baba yake. Andika pia kwa kalamu nyekundu juu ya daftari lake la hospitali: "Anashukiwa upungufu wa G6PD. Alipasuka damu baada ya nitrofurantoini." Maneno hayo yatamsaidia kuliko maelezo yoyote utakayokumbuka ukiwa na hofu saa nane za usiku.

Septrin iko katikati. Kwa dozi ya kawaida wengi wenye upungufu huivumilia, lakini kwa mtoto aliyekwisha kushuka mpaka 5.8, kama ipo dawa nyingine itumike hiyo, na anayeitumia kila siku kwa sababu ya VVU asiiache bila kuongea na kliniki yake. Parasetamoli ni salama kwa kipimo chake: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa sita. Mtoto wa kilo 20 anapata miligramu 200 hadi 300, kwa hiyo nusu ya kidonge cha 500 inamtosha. Aspirini asipewe, na hilo ni kwa watoto wote. Amoksilini na sefaleksini hazina shida. Chanjo zote apate.

Na nikwambie jambo moja kuhusu U.T.I. yenyewe. Mtoto mwenye homa huambiwa ana U.T.I. kwa haraka mno siku hizi, wakati mwingine kwa kuangalia mkojo uliokaa mezani. Safari nyingine omba mkojo wa katikati ukamatwe kwenye kopo safi na, inapowezekana, uoteshwe maabara kuona kama kuna vijidudu, kabla ya dawa kuanza. Maambukizi yenyewe, hata bila dawa yoyote, huweza kupasua damu ya mwenye G6PD pungufu. Nimonia, homa ya matumbo na homa ya ini ni kati ya yanayofanya hivyo. Kwa hiyo homa isiyoshuka kwa mtoto huyu haingojwi nyumbani. Mitishamba ndiyo siwezi kukupa orodha yake, maana hakuna anayejua kilichomo kwenye kila chupa. Asipewe, na kama alishapewa, ichukue hiyo chupa uende nayo hospitali bila kuona haya.

Malaria usiiogope kupita kiasi. Dawa ya mseto, yaani ALu, ni salama kwake. Kwinini ni salama kwa dozi ya tiba. Malaria kali ikimpata, sindano ya artesuneti apewe bila kusita, ila wingi wa damu upimwe tena kila wiki kwa wiki nne, kwa kuwa dawa hiyo wakati mwingine huleta kushuka kwa damu kunakochelewa, hata kwa watu wasio na upungufu wowote. Ikitokea akapewa primakwini dozi moja ndogo ya miligramu 0.25 kwa kilo, ile ya kuzuia maambukizi kwenda kwa mbu, Shirika la Afya Duniani tangu 2012 linairuhusu bila kipimo cha G6PD. Hata hivyo, kwa mtoto mwenye historia kama yake mwambie mhudumu kwanza. Utasikia pia kuwa wenye upungufu huu hawaugui malaria. Upo ukweli kidogo: kasoro hii imeenea duniani kote kulikokuwa na malaria kwa sababu humpa mwenye nayo kinga ya sehemu. Kinga hiyo haimtoshi mtoto yeyote. Chandarua kibaki.

Sasa la mume wako. Maelekezo ya kutengeneza G6PD yako kwenye kromosomu X. Mtoto wa kiume ana X moja tu, naye huipata kwa mama. Baba humpa Y. Kwa hiyo, kama mtoto anao, ni kweli alirithi kupitia kwako, lakini wewe mwenyewe uliipata kwa mama yako au kwa baba yako, hukuichagua, na hakuna ulichokula wala kufanya kilichoileta. Ukiwa mbebaji, kila mtoto wa kiume ana nafasi moja kati ya mbili ya kuwa na upungufu, na kila wa kike ana nafasi hiyo hiyo ya kuwa mbebaji kama wewe. Wabebaji wengi hawana dalili. Wachache, kutegemea ni X ipi imezimika kwenye chembe nyingi, damu yao hupasuka kama ya mwanamume mwenye upungufu. Kwa hiyo usikubali anayekuambia wasichana hawahusiki. Kipimo chako wewe kikija kizuri bado hakikuondoi kwenye ubebaji. Unaloweza kufanya ni kuwaambia kaka zako na dada zako, wale wa tumbo moja, ili watoto wao wasije wakaonjeshwa dawa ile ile.

Niseme taratibu hapa kuhusu aliye tumboni, kwa sababu huyu ndiye aliye kwenye hatari kubwa kuliko kaka yake. Mtoto mchanga mwenye upungufu anaweza kupata manjano kali siku ya pili au ya tatu, na bilirubini ikipanda sana huingia kwenye ubongo. Madhara yake, yaani uziwi na viungo kukakamaa, hayarudi nyuma. Yanazuilika yote ukiwahi.

Kuanzia leo, kliniki ya wajawazito wajue. Ukipata U.T.I., usipewe nitrofurantoini, hasa wiki za mwisho, kwa kuwa hupita kwa mtoto. Vidonge vya SP vya kuzuia malaria kliniki, endelea navyo. Mtoto akizaliwa, sindano ya vitamini K apate, haina madhara kwake. Usiruhusiwe kwenda nyumbani siku ile ile ukaambiwa urudi baada ya wiki. Omba aangaliwe tena siku ya tatu na ya tano. Nyumbani mtazame kila asubuhi karibu na dirisha, kwa mwanga wa mchana. Kwenye ngozi yetu manjano hujificha, hivyo angalia weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo, na bonyeza ngozi ya kifua kwa kidole kisha uachie uone rangi inayobaki. Manjano ndani ya saa 24 za kwanza, manjano iliyofika kwenye viganja au nyayo, au mtoto anayelala kupita kiasi na kukataa ziwa, ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Kumwanika juani si tiba. Humchoma, humpoza akiwa uchi, na hukupotezea siku ambayo angekuwa chini ya taa maalumu za buluu za wodini, zinazofanya kazi kweli.

Kisha nguo. Watu huhifadhi nguo za mtoto wa kwanza kwenye sanduku pamoja na vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vya kufukuza nondo na mende. Vingi ni nafthalini, na nafthalini hupenya kwenye ngozi ya mtoto mchanga na kwenye hewa anayovuta, ikapasua damu yake vibaya sana. Vitoe nyumbani kabisa, mwanao mkubwa pia asije akadhani ni peremende. Nguo na mablanketi yaliyokaa navyo usimvalishe mtoto. Ukienda soko la Memorial kununua mitumba ya mtoto, nusa kila nguo, na ile ambayo harufu haijaisha baada ya kufuliwa na kuanikwa juani iache. Hina asipakwe mtoto, hata kidogo. Ukinyonyesha, zile dawa nilizozikataza kwa kaka yake nawe uzikatae mpaka huyu mdogo naye apimwe.

Kwa kaka mtu kwa sasa: kama siku zote zimeenda vizuri, damu yake imesharudi au inakaribia, kwa kawaida huchukua wiki tatu hadi sita. Asidi ya foliki inasaidia uboho kutengeneza chembe katika kipindi hicho. Vidonge vya madini ya chuma havihitajiki mpaka kipimo kionyeshe yamepungua. Juisi ya rosela na matembele ni chakula kizuri, apewe kama chakula.

Mkojo ukirudia rangi ile, simamisha dawa yoyote anayotumia, chukua boksi lake, mpe maji anywe njiani, na uende hospitali yenye damu ya kuongezea, siyo duka la dawa wala zahanati isiyo na maabara. Ukifika sema neno G6PD mlangoni. Waombe wapime wingi wa damu, malaria na mkojo chini ya hadubini: kijiti kikionyesha damu huku hadubini haioni chembe nyekundu, hiyo ni himoglobini iliyomwagika, na ndivyo wataitofautisha na kichocho. Akiwa anahema haraka, viganja vyeupe, ana usingizi usio wa kawaida, au mkojo umekuwa kidogo mno, usingoje kupambazuke, kodi gari usiku huo huo.